Trela Iliyobaki kwa Jina Langu

Ishiara, jioni

Marigu mama yangu,

Umeenda kuwaaga akina Wanja na mimi nimebaki hapa mezani na sanduku lako. Nimeona niandike kabla hujarudi, maana ukiwa mbele yangu nitaanza kukuuliza kama umeweka sweta, tukae kwenye sweta mpaka kupambazuke, na lile ninalotaka kusema libaki palepale lilipo miaka yote. Mambo ya sweta, ya chandarua na ya kufunga mlango kwa ndani, shangazi yako Ciamwari amekupigia kelele kuyahusu tangu Jumapili. Mimi sina la kuongeza hapo. Wewe ni nesi, serikali imekuamini na sindano, nami nitakuamini na mlango.

Juzi tukipepeta ndengu uliniuliza, "Baba, mjomba atakuja kuniaga?" Nikakuambia upepo umegeuka, tuhamie upande wa pili. Upepo haukuwepo. Ulinyamaza ukahamia upande wa pili na ungo wako, kama ulivyozoea kunyamaza katika nyumba hii, na nikaona umefanana na mama yako hata nikashindwa kumaliza kazi. Nilikuacha nikaenda kuangalia mbuzi ambao hawakuwa na shida yoyote.

Leo nataka nikujibu. Hadithi yenyewe sehemu kubwa unaijua, ulikulia ndani yake. Lakini uliipata kwa mama yako, tena vipande vipande, kwa sababu mimi sikufungua kinywa. Msichana wa kwetu hatoki kwenda kufanya kazi mbali bila mjomba wake kumtemea mate ya baraka kifuani. Najua shuleni walikufundisha mengine kuhusu mate, na ukiwa na shaka kanawe baadaye asipokuona. Lakini mjomba wako wa damu ni Mutuma peke yake, na ni mimi niliyemfanya asikanyage boma hili tangu tulipomzika mama yako. Ndiyo maana hukumwona kwenye sherehe yako ya kumaliza chuo. Na ukipanda gari kesho bila yeye, itakuwa ni deni langu umelibeba wewe.

Unaikumbuka ile trekta. Ulikuwa ukikaa juu ya magunia ya ndengu ndani ya trela, umeshika kamba kwa mikono yote miwili, unaimba nyimbo za shule ya Jumapili kwa woga. Mama yako alikuwa akinifokea nikifika nyumbani, eti nimebeba mtoto kama gunia. Nilikuwa mtu siku hizo. Ukitaka kulima kutoka hapa hadi karibu na mto, ulikuja kuniona. Halafu mvua ikakataa, ikakataa tena, na trekta ikabaki kusimama chini ya mti wa mugumo kuku wakitagia kwenye kiti. Mutuma, kule kwao Nkubu, alikuwa na kazi nyingi: ndizi, samadi, mchanga wa watu wanaojenga. Alikuwa anakodi trekta za watu. Mama yako ndiye aliyesema, kwa nini mali itoke kwenye familia ilhali kaka yake anaitaka?

Basi tukauziana. Mutuma alikuja na mke wake, tukachinja, tukala, kisha Mwalimu Nyaga akaja na mashine yake ya kuchapa, ile aliyokataa kuitupa hata baada ya kompyuta kufika Ishiara. Mwalimu alipenda maneno makubwa. Aliandika kwamba mimi, Ireri, nikiwa na akili timamu na bila kushurutishwa na mtu, nimemuuzia Mutuma trekta moja "pamoja na vifaa vyake vyote vinavyoambatana nayo." Alipolisoma hilo kwa sauti alisimama kidogo ili tupate nafasi ya kumsifu.

Mama yako, ambaye alikuwa atie sahihi kama shahidi, akauliza, "Na trela je? Haiandikwi namba yake?"

"Trela si ndiyo kifaa chenyewe?" nikamwambia.

Mwalimu akakubaliana nami. Mutuma pia. Tukacheka kidogo, wanaume watatu, tukimwona mama yako kama mtu anayetaka hata pampu ya magurudumu iandikwe. Akatia sahihi. Lakini aliishika kalamu muda kidogo kabla ya kuandika, na nilimwona.

Wiki iliyofuata tulienda Embu, kwenye saiba moja, duka la intaneti, karibu na steji, tukahamisha trekta kwenye mtandao wa serikali. Siku hizi muuzaji anaanza na mnunuzi anakubali kwa simu yake, basi. Kijana pale akatuuliza kama trela nayo tunahamisha, kwa sababu trela ina namba yake, ile inayoanza na herufi Z, na ina logbuku yake, hati ya umiliki, kama gari lingine lolote. Sisi tukatazamana. Logbuku ya trela ilikuwa nyumbani kwenye mkoba wa mama yako. Nilikuwa nimebeba ya trekta tu, maana ndiyo yenye injini. Kwangu mimi trela kilikuwa kitu cha kuvutwa, na sikuwahi kukifikiria kama chombo chenye mwenyewe. Tukasema tutarudi siku nyingine.

Hapo ndipo inanilazimu nikueleze kitu ambacho vijana wa sasa mnakisikia tu. Mutuma ni muthoni wangu, ndugu wa mke. Huku kwetu muthoni anaheshimiwa mpaka heshima yenyewe inauma. Hukai mbele yake ovyo, hutamki maneno fulani akiwepo, na humdai kitu mara mbili. Nilimpigia simu mara moja, nikamkumbusha habari ya trela. Akasema atashuka maharagwe yakishavunwa. Maharagwe yakavunwa, hakushuka. Kumpigia mara ya pili kungekuwa kama kumwita mwizi, basi nikangoja. Na yeye, mama yako aliniambia baadaye, alikuwa akingoja mimi nimwite. Kwake yeye kunikimbiza kwenye makaratasi kungekuwa kama kusema ananishuku kwamba siku moja nitaidai trela yangu irudi. Tukaheshimiana hivyo, wanaume wawili wazima, msimu baada ya msimu. Trela ikawa inabeba mchanga wa Nkubu kwa jina la mtu wa Ishiara.

Mama yako alinikumbusha. Sitaki ufikiri hakunikumbusha. Akifagia chumba alikuwa anautoa ule mkoba, anauweka juu ya kitanda mahali nitakapouona, kisha jioni anaurudisha. Nilikuwa namwambia kaka yake ni mtu mzima, anajua njia ya kuja.

Ulikuwa kidato cha pili pini inayoishika trela kwenye trekta ilipokatika. Mutuma mwenyewe ndiye aliyekuwa anaendesha, akipanda kilima na trela imejaa mchanga. Trela ilirudi nyuma peke yake ikatoka barabarani, mahali ambapo kina mama hupanga ndizi zao chini. Wengine waliruka. Mmoja hakuweza. Jina lake lilikuwa Kendi. Nakuandikia jina lake kwa sababu katika karatasi zote nilizopitia baadaye aliitwa marehemu tu, na mimi pia nilianza kumwita hivyo, hata moyoni. Aliacha watoto. Mdogo wao alikuwa bado ananyonya.

Polisi walitafuta mwenye trela kwenye kompyuta na nikatokea mimi. Niliitwa Meru. Nilipoingia kituoni Mutuma alikuwa ameketi kwenye benchi, shati lina vumbi la mchanga mpaka kwenye kola, na akasimama aliponiona, kwa heshima, kana kwamba tumekutana kwenye arusi. Afisa akanisomea namba ya trela akaniuliza kama ni yangu. Nikasema niliiuza. Akaniambia, "Mzee, kwa sistim hii trela ni yako. Hiyo ingine ni stori."

Mutuma hakungoja niulizwe tena. Alisema, "Afande, hiyo trela ni yangu. Mimi ndio nilinunua na mimi ndio nilikuwa naendesha. Huyu ni muthoni wangu. Mwandike mimi, yeye aende kwake."

Unajua nilichofanya, Marigu? Niliingiza mkono mfukoni nikatoa mkataba wa Mwalimu Nyaga. Nilikuwa nimeukunja vizuri ndani ya karatasi ya nailoni. Niliuweka juu ya meza, nikamwonyesha afisa pale ambapo muthoni wangu ametia sahihi. Mtu alikuwa ameshanibebea mzigo wote, na mimi nikatoa karatasi ili nihakikishe hakuna hata punje iliyobaki kwangu. Na nilisikia raha. Nimejaribu miaka hii yote kukumbuka kwamba nilisikia huruma, lakini nikiwa mkweli kilichonijia kwanza ni raha, kama ya mtu aliyefika nyumbani mvua ikianza.

Wakili niliyempata Embu alinieleza mambo mawili. Kwanza, mkataba ule haukutaja namba ya trela, kwa hiyo maneno matamu ya Mwalimu hayakuwa na nguvu niliyodhani. Pili, nisikaribie familia ya marehemu na nisitie sahihi yangu popote, kwani kufanya hivyo ni kama kukiri. Hilo la pili nililikamata kwa mikono miwili. Sitamlaumu wakili. Alikuwa anafanya kazi yake, na mimi nilikuwa ninatafuta mtu wa kuniambia nikae nyumbani.

Mama yako alikuwa ameshafunga sukari na majani ya chai kwenye kiondo. Aliniambia tunaenda kukaa na waliofiwa, yeye na mimi na kaka yake. Nikamweleza maneno ya wakili. Alisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza. Kisha akasema, "Jina ni lako, Ireri. Hata kama trela si yako, jina ni lako. Hilo jina lingeenda tu likae hapo na watu."

Nikasema hapana. Nikasema hata yeye asiende, yeye ni shahidi kwenye mkataba. Akachukua kiondo akatoka. Ndiyo siku ya pekee katika ndoa yetu niliyomkataza kitu na akanipita mlangoni, na hakunipita kwa hasira, alinipita kama mtu anayepita kiti.

Alikaa huko siku kadhaa. Aliporudi aliniambia mara moja tu, akichagua mawe kwenye ndengu, bila kunitazama. Walipofika kwa waliofiwa, walinyamaziwa kwanza. Kisha mkwe wa Kendi, mama mzee, aliuliza mwenye trela ni nani. Mutuma akasema ni yeye. Yule mama akamtazama, akasogea kwenye benchi aliyokuwa ameikalia, akampa nafasi. Basi. Waliketi hapo mpaka jioni. Mama yako hakuniongezea neno wala hakunilaumu. Nilingoja lawama yake usiku ule na usiku uliofuata, nikiwa nimejiandaa na majibu, na haikuja.

Kesi iliniachilia. Unajua ni kwa nini? Si mkataba. Mutuma alienda mbele ya korti akaapa kwamba trela ilikuwa yake tangu siku ile tuliyokula pamoja, na kwamba ni yeye aliyechelewa kuja kuihamisha. Alijitwisha hata kuchelewa, ambako kulikuwa kwetu sote. Nikatoka mle nikiwa safi kama sahani iliyooshwa. Yeye akauza trekta ili familia ya Kendi ifidiwe, na bado haikutosha. Ndipo akanipigia simu, yeye mwenyewe, muthoni asiyeomba. Alikuwa amepata mtu wa Mitunguu anayeitaka trela, lakini haingeweza kuuzwa ikiwa kwa jina langu. Aliniomba nianzishe uhamisho. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja.

Nikamwambia nitaongea na wakili.

Sikuongea na wakili. Niliogopa ile trela kama mtu anavyoogopa kaburi. Niliona nikiigusa tu kwa kidole, hata kwa mtandao, kila kitu kitafufuka na kunirudia. Mutuma alingoja, kwa heshima kama kawaida, hakupiga tena. Mtu wa Mitunguu akanunua kwingine. Mjomba wako akauza shamba la kahawa lililokuwa chini ya nyumba yao, lile ambalo wewe na binamu zako mlikuwa mnajifichamo. Uliniuliza wakati ule kwa nini mjomba ameuza, nikakujibu kwamba kahawa haina faida siku hizi.

Kuanzia hapo mama yako aliacha kunipa habari za kwao. Hatukugombana, na majirani walituona watu wa amani. Alinipikia, alinifulia, tukaenda kanisani tumekaa benchi moja. Lakini akizungumza na kaka yake kwenye simu alikuwa anatoka nje, na akirudi ndani ninamuuliza wako salama, anasema wako salama. Nilimpoteza mama yako hapo, mwanangu, kabla ya ugonjwa kumgusa. Namkumbuka kila siku na ninachokikumbuka zaidi ni mgongo wake akitoka nje na simu.

Alipolazwa Meru uliona jinsi tulivyopokezana, mimi na mjomba wako. Ulikuwa umekuja kutoka chuoni na ukadhani tumepanga zamu. Hatukupanga. Mmoja akitokea mlango wa wodi, mwingine alikuwa anakusanya kofia yake na kuondoka. Siku moja tulikutana katikati ya korido, yeye ana chupa ya uji na mimi nina shuka. Alisimama kidogo. Nadhani alinipa nafasi. Nikamwambia daktari amesema anaendelea vizuri, jambo ambalo daktari hakusema. Akaitikia kwa kichwa akaenda zake.

Na siku ya mazishi, wewe ulikuwa huoni mbele wala nyuma, basi acha nikuambie. Watu wa upande wa mke wakikataa, mazishi husimama. Wazee wa kwetu waliniuliza kwa sauti ya chini kama kuna jambo kati yangu na Mutuma, wakijua vizuri kwamba lipo. Angeweza kuomba trela ile itajwe hapo mbele ya watu, na ningelipa chochote. Alisimama akasema, "Dada yetu alituambia hapa ni kwake. Mzikeni kwake." Akatupa udongo, akakushika bega, akaenda kwenye gari. Hakula chakula changu. Yeye na dereva wake walikaa ndani ya gari muda mrefu kidogo kabla ya kuliwasha. Niliwaona kutoka kwenye hema. Nilikuwa na sahani mkononi.

Sasa unaenda, na ninajiuliza ni nini katika haya kinaweza kukufaa. Habari ya makaratasi ni fupi. Ukipata mshahara utanunua pikipiki, nakujua, na mwenye kukuuzia atakuwa rafiki ya rafiki, atasema twende hivi hivi tu, tunaaminiana. Hamisha siku ileile, mkiwa bado mnapendana. Kila chenye namba yake kiandikwe kwa namba yake, hata kama kinavutwa. Lakini hayo msichana yeyote wa saiba atakueleza, huhitaji baba.

Kinachonisumbua ni kazi yako. Utafanya kazi na fomu nyingi kuliko mimi. Nimewaona wenzako pale Meru: mgonjwa akifariki kuna karatasi hii ya kujaza, na ile, na kitabu cha kusainiwa, na jamaa wamesimama tu ukutani hawajui washike nini. Ni rahisi sana kuendelea kuandika. Najua jinsi ilivyo rahisi. Siku hiyo ikija, na hujafanya kosa lolote na kila kitu kimeandikwa sawasawa, weka kalamu chini kwanza uende ukasimame nao. Pengine watakufokea. Usiwaonyeshe karatasi. Mimi sikuweza kufanya hivyo, na sikwambii kwa sababu najua jinsi inavyofanywa. Nakwambia kwa sababu najua mtu huwaje asipofanya.

Na ukiolewa, na mumeo akakuwekea mkoba juu ya kitanda, au wewe ukamwekea, msingoje jioni urudishwe.

Jibu lenyewe sasa. Juma lililopita nilikwambia naenda sokoni kuulizia bei ya mahindi. Nilienda saiba. Msichana wa pale alinipatia neno la siri jipya, la zamani nilikuwa nimelisahau zamani, akafungua ukurasa wangu, na trela ikaonekana hapo peke yake. Sina gari lingine duniani. Nikaanzisha uhamisho kwa kitambulisho cha Mutuma. Nilitegemea kusikia kitu moyoni, lakini ilikuwa kubofya tu. Nilirudi siku ya pili, na ya tatu. Yule msichana akaniambia, "Mzee, wewe ushamaliza. Saa hii ni kungoja tu buyer akubali." Jana nilirudi tena, akanieleza kwa upole kwamba ombi limekaa mpaka likajifuta lenyewe. Mnunuzi hakukataa na hakukubali.

Mara ya pili sasa ilinilazimu, ile mara ya pili ambayo muthoni hapigiwi. Leo mchana, ulipokuwa ukipiga pasi sare zako, nilienda nyuma ya ghala nikapiga. Mke wake ndiye aliyepokea. Niliposema jina langu nikasikia nyayo, na mlango, na kikohozi ninachokijua.

Nilikuwa nimepanga maneno, hayakuja. Nilimwambia nilipaswa kwenda naye matanga ya Kendi. Nilimwambia nilipaswa kuihamisha trela alipoomba. Nilimwambia Karimi, mama yako, alikufa akiningoja. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

Akasema, "Nilingoja hii simu siku tulimzika dada yangu. Nilikaa ndani ya gari nikangoja. Nilimwambia dereva asiwashe."

Nikamwambia niliwaona.

"Najua uliona," akasema.

Halafu akaniuliza unaondoka lini. Nikamwambia kesho, kwamba utapita Nkubu ukienda Meru kupanda gari la Marsabit. Akasema, "Mtoto apitie hapa. Nitamchukua steji mwenyewe. Alale hapa, nimbariki, kesho yake aende." Sauti yake ilipotaja jina lako ilikuwa ile ya zamani. Nikapata moyo nikamuuliza kama naweza kuja nawe.

Akasema, "Wewe bado, Ireri. Sijakataa. Lakini bado."

Aliniita Ireri. Hakuniita muthoni.

Nikamwambia sawa. Na ni sawa, mama. Usinihurumie, na usijaribu kuongea naye kwa niaba yangu, kwa sababu najua utataka, una moyo huo na una mdomo wa kuutumikia. Kesho nitakubebea sanduku mpaka barabarani nikuone umepanda, kisha nitarudi hapa. Safari hii nabaki nyumbani kwa sababu nimeambiwa nibaki, na nitajifunza kubaki hivyo.

Ukiwa kule usipeleke salamu zangu. Usimwambie nimekonda wala kwamba nakula peke yangu. Ukiiona trela nyuma ya nyumba yao imemea majani, ipite tu. Kula chochote utakachopewa, uombe kuongezewa, mke wake hupenda hivyo. Mjomba wako akitaka kukusimulia habari za mama yako kabla hajaolewa, zile ambazo mimi sizijui, mwache asimulie mpaka alfajiri, na usinihifadhie hata moja.

Ukifika Marsabit nipigie, saa yoyote, hata kama mtandao ni wa kukatikakatika. Lakini ukiwa kwake usinipigie. Saa hizo ni zake.

Baba yako